Maswali Nyuma ya Daftari la Vipimo

Kurasa za mbele ni za wateja:
kifua, kiuno, urefu wa mkono,
nani kalipa nusu, nani ananikwepa sokoni Luanda.
Kurasa za nyuma, tangu Januari, ni za maswali.
Mimi Jerusa Kavere, miaka hamsini na minne,
naolewa mara ya pili,
na safari hii mfungishaji namchagua mwenyewe
kama ninavyochagua kitambaa:
nakivuta, nakikunja, nakipeleka penye mwanga.

La kwanza. Bwana harusi ni Zadok Ng'ong'a.
Si Ngonga. Ng' mbili, zote za puani.
Ukizikosa umenioza kwa mtu mwingine.
Hebu tamka.

Jumamosi hiyo una harusi ngapi?
Nilimshonea binti mmoja wa Chavakali;
mchungaji alifika kwake akitoka kwingine,
akamwita kwa jina la bibi harusi wa asubuhi.
Watu walicheka.
Gauni liliporudi kupunguzwa
kola ilikuwa na chumvi.

Mvua je? Kwetu hushuka saa tisa,
na bati halijui kunong'ona.
Mahubiri yako yana breki?

Na ule mzaha wa mwanamke na mwiko,
unao? Kama unao
uuache getini, mbwa atauangalia.

Kaka yangu Lumadede hasikii
tangu surua ya utotoni. Husoma midomo.
Siku hiyo utamwelekea yeye
au utaielekea kamera?

Mchungaji wa Majengo alijibu yote kwa jibu moja,
kwamba Mungu ataongoza,
kisha akauliza wageni ni wangapi
na bahasha atapewa kabla au baada.

Afisa wa serikali, Kisumu, alikuwa muungwana.
Alinionyesha saa ya ukutani:
kila wawili, dakika kumi na moja.
Nilipenda ukweli wake.
Lakini dakika kumi na moja, jamani,
hata pindo la suruali silimalizi.

Ndipo nikapelekwa kwa kasisi Mideva, Maseno,
mwanamke mnene, mpole,
sweta imefumuka kiwikoni.
Ng'ong'a aliitamka sawasawa,
akairudia, kama anayeonja mchuzi.
Kuhusu breki alikiri: hazishiki vizuri.
Kuhusu Lumadede alinyamaza,
akasogeza kiti chake mpaka dirisha likammulika usoni,
akaniuliza, "Nikikaa hivi?"

Halafu akasema: "Na mimi nina langu.
Siku hiyo, nani hatakuwepo?"

Nililipekua daftari. Mbele, nyuma.
Swali hilo sikuwa nimeliachia ukurasa.
Nje mtu alikuwa akipasua kuni,
akipumzika, akipasua.

Nikamwambia Ezra.
Mwaka wa tisa huu chini ya udongo.
Cherehani ninayoshonea, aliuza mtamba akaninunulia,
na mguu wa kushoto naukanyagia palepale
alipochonga kibao kwa kisu cha jikoni
ili usiteleze.
Nikamwambia mamake yu hai,
amesema, "Nitakuja, mwanangu, ila sitaketi mbele."
Nikamwambia Zadok anayajua haya yote
na hajawahi kuniomba nihamishe cherehani.

"Tumtaje?"
"Sijui."
"Basi tutaacha pumzi moja
kati ya kiapo chako na chake.
Wanaojua watajua.
Wengine watadhani nimesahau maneno."

Hilo sikuliandika.
Malipo bado hatujaelewana; ana bei, yule mama.
Lakini nilivua utepe shingoni,
nikaligeuza daftari upande wa mbele,
nikamwambia, "Simama, mchungaji, nyoosha mkono."
Kasisi Mideva. Bega, kumi na saba.
Mkono, ishirini na mbili.
Nitaanza na hicho kiwiko.